Nani Anaingoja Kazi Yako?



Siku hizi ukimwuliza kijana anakokwenda, aghalabu atakujibu kwa maneno mawili: "Natafuta maisha." Utayasikia maneno hayo Maili Moja, Kibaha, alfajiri mabasi yanapopakia abiria wa kwenda Dar es Salaam. Utayasikia pia Kisarawe, penye magari yanayoteremka Pugu hadi Gongo la Mboto. Wazee wetu hawakusema hivyo. Wao walisema, "Natafuta riziki." Pengine wewe utaona kwamba kauli hizi mbili ni moja, lakini tofauti yake ni kubwa, nami ningependa leo tuitazame pamoja.

Riziki hutafutwa. Leo iko hapa, kesho iko kule. Mwaka huu mvua imenyesha, mwaka ujao imekatika. Basi mtu huinuka akaifuata iliko, wala hapana aibu katika jambo hilo. Lakini maisha hayatafutwi, maana hayajapotea. Yule anayesema kwamba anatafuta maisha anayo tayari: ana pumzi, ana mikono miwili, ana mama yake, ana jirani anayemwamkia kila asubuhi. Anaposema anayatafuta, maana yake ni kwamba haya aliyo nayo hayahesabu kuwa maisha. Ameyageuza kuwa benchi la kungojea basi. Na mtu aliye kwenye benchi la kungojea basi halifagii benchi hilo, wala hapandi mti kando yake, wala hajali jina la aliyeketi naye. Yeye anangoja tu.

Hofu yangu ni kwamba wengi wetu, vijana kwa watu wazima, tunaweza kuimaliza miaka yetu tukiwa kwenye benchi hilo.

JIJI LILILO JIRANI

Nimezitaja Kibaha na Kisarawe kwa makusudi. Kibaha iko kiasi cha kilometa 40 magharibi ya Dar es Salaam, katika barabara ya Morogoro. Kisarawe iko kusini-magharibi ya jiji, kiasi cha kilometa 30, penye vilima vya Pugu. Zote mbili ni za Mkoa wa Pwani, na zote mbili zinaishi jirani na jiji kubwa kuliko yote katika nchi yetu.

Ujirani huo ni neema. Muhogo, embe, machungwa, nazi, kuku na mayai hupata mnunuzi bila ya kusafirishwa siku mbili. Lakini ujirani huo ni mtihani pia. Mtu wa Kigoma husikia habari za Dar es Salaam. Mtu wa Kisarawe huuona mwanga wa taa zake angani usiku. Binamu yake aliyehamia huko huja siku ya Idi amevaa viatu vipya, na viatu ndivyo vinavyoonekana. Chumba anacholala na wenzake watatu, deni la dukani, na safari ya kwenda kazini amesimama ndani ya gari, hayo hayavaliwi mguuni, kwa hiyo hayaonekani.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wako uliochakaa, nao msala ni ule mzuri unaopita mikononi mwa mwingine. Methali hii haisemi kwamba mbacha ni bora kuliko msala. Haisemi hata kidogo. Inasema tu kwamba huu wa kwanza ni wako na unaweza kuukalia leo, na ule wa pili unapita.

Nisieleweke vibaya. Kwenda mjini si kosa. Wako maelfu wanaolala Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam, na barabara ile ya kutoka Kimara hadi Kibaha, iliyopanuliwa kuwa ya njia nane, inawabeba asubuhi na kuwarudisha jioni. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inapita Pugu na Soga ikielekea Morogoro. Safari ni safari. Ninachouliza mimi ni kitu kingine: huko unakokwenda, na hapo ulipo, je, unajua ni nani anayeingoja kazi yako?

MAJI YA MLANDIZI

Watu wengi hudhani kwamba kazi hupewa maana na mshahara. Mshahara ni riziki, na riziki ni lazima. Mtoto hali maana. Wengine hudhani kwamba kazi hupewa maana na sifa, yaani mtu kujulikana na kupigiwa makofi. Lakini sote tumewaona watu wenye mshahara mnono na jina kubwa ambao huamka na uchungu kila Jumatatu. Tumemwona vilevile fundi cherehani chini ya mwembe, ambaye hufungua kazi yake asubuhi kwa bashasha kama anayekwenda harusini. Huyu ana nini ambacho wale hawana?

Anajua ni nani atakayelivaa lile gauni. Anajua kwamba binti fulani ataingia nalo shuleni siku ya kwanza ya muhula, na kwamba pindo likienda upande binti huyo atachekwa. Hilo tu. Anamwona mtu aliye upande wa pili wa kazi yake.

Tazama mfano mwingine, ulio mkubwa zaidi. Pale Mlandizi, Wilaya ya Kibaha, upo mtambo wa maji wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959. Maji ya Mto Ruvu husukumwa hapo, husafishwa, na kupelekwa Dar es Salaam. Zaidi ya miaka 60 sasa watu wa jiji wanafungua bomba, wananawa uso, wanachemsha chai, bila ya kufikiri kwamba kule Mlandizi yuko mtu aliyekesha karibu na pampu. Hawamjui jina, na hakuna atakayemwandikia barua ya shukrani. Siku maji yanapokatika ndipo watakapokumbuka kwamba yuko, nao watamkumbuka kwa lawama.

Mtu wa pampu ana njia mbili za kuitazama zamu yake ya usiku. Anaweza kusema, "Nimeketi hapa nasikiliza mashine inavyonguruma hadi kuche." Anaweza pia kusema, "Kuna mzazi katika wodi huko mjini ambaye mkunga atanawa mikono kabla ya kumshika, na maji hayo yanatoka hapa." Mashine ni ileile, na zamu ni ileile, na mshahara haukuongezeka hata senti moja. Lakini mtu wa kwanza anazihesabu saa, na wa pili anazitumia.

JEMBE, KITABU NA DAWA

Kibaha ina historia inayotufundisha jambo hili kwa namna yake. Mwaka 1963, nchi yetu ikiwa changa, serikali ya Tanganyika ilipatana na nchi za kaskazini mwa Ulaya, zikiwamo Denmark, Finland, Norway na Sweden, kujenga kituo kikubwa hapo Kibaha. Maadui walikwisha tajwa: ujinga, maradhi na umaskini. Basi katika eneo moja vikajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwezi Januari 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa serikali yetu, na hata leo tunakiita Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kilichokua hadi kuwa Hospitali ya Tumbi, ambayo madereva na abiria wa barabara ya Morogoro wanaifahamu, maana majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo hupelekwa hapo.

Ukizitazama kazi zile tatu zilizowekwa pamoja, yaani kulima, kufundisha na kuuguza, utaona kwamba hakuna hata moja kati yake ambayo mtu huifanya kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mwalimu hufundisha darasa ambalo litamsahau. Muuguzi wa zamu ya usiku hupokea mtu asiyemjua, aliyeletwa kutoka barabarani hajitambui, na mtu huyo akipona huenda zake bila ya kumtambua aliyemfunga kidonda. Na hata hivyo ndizo kazi ambazo wazee wastaafu huzisimulia kwa furaha wakiwa barazani. Sijapata kumsikia mzee akisimulia kwa furaha jinsi alivyongoja.

Hapo Pugu, jirani ya Kisarawe, palikuwa na mwalimu katika shule ya Mtakatifu Francis. Mwezi Machi 1955 aliacha kazi hiyo ili aitumikie TANU, na ilikuwa kazi ya mshahara ambayo wengi waliitamani wakati ule. Akawa Waziri Mkuu, kisha Rais, na wageni wa mataifa makubwa wakamwita kwa majina ya heshima ya kila aina. Lakini jina alilobaki nalo hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na ambalo sisi tunalitumia hata sasa bila ya kulazimika kumtaja Nyerere, ni lile la kazi yake ya chaki: Mwalimu. Cheo cha juu kilikuja na kupita. Kazi ya kila siku ndiyo iliyompa jina.

SHAMBA LILILOUZWA

Sasa nakuomba, msomaji, uwe na subira kidogo, maana nataka tuseme jambo linalouma.

Katika vijiji vingi vya Kibaha na Kisarawe mashamba yanauzwa. Jiji linapanuka, wanunuzi wanakuja, na shamba la minazi hupimwa likawa viwanja. Kuuza mali yako ni haki yako, na wako waliouza kwa akili wakasomesha watoto na kujenga nyumba imara. Lakini yupo yule mwingine ambaye kila kijiji kinaye. Tumchukue kama mfano tu. Amerithi kwa baba yake eka nne za minazi, mikorosho na miembe. Anauza eka tatu na nusu. Ananunua pikipiki, anaezeka bati jipya, anafanya sherehe ambayo watu wanaizungumza hadi mwezi wa pili. Mwaka wa tatu pikipiki iko juu ya mawe, na fedha zimekwisha. Anaketi kijiweni tangu asubuhi hadi adhuhuri akiutazama ukuta wa mtu ambaye zamani alikuwa mgeni.

Watu humcheka kwamba amemaliza fedha. Mimi naona hasara yake ni nyingine. Mnazi ule mrefu wa kienyeji huchukua kiasi cha miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Aliyeupanda alikuwa anamfikiria mtu atakayeuangua, na pengine mtu huyo alikuwa bado hajazaliwa. Kijana wetu alikuwa ndiye mtu aliyengojwa. Na kila asubuhi shamba lilimpa jambo la kufanya: kupalilia hapa, kuangua pale, kufukia shimo, kumfukuza nguruwe wa mwitu. Alipouza ardhi aliuza na asubuhi yake. Fedha ikiisha mtu anaweza kuichuma nyingine. Asubuhi isiyo na kazi haina dukani panapouzwa badala yake, ndiyo maana wengi huijaza kwa pombe.

Wazazi, jambo hili tulizungumze na watoto wetu kabla mnunuzi hajafika mlangoni. Na tukiamua kuuza, swali la kwanza lisiwe "Tutapata kiasi gani?" Liwe hili: "Baada ya hapo, tutaamkia nini?"

KURIDHIKA SI KUBWETEKA

Najua kwamba yuko msomaji anayekunja uso sasa hivi. Anasema, "Maneno haya ni mazuri kwa mwenye shibe. Wewe unamwambia maskini aridhike na umaskini wake." Swali lake ni la haki, tena ni lazima lijibiwe, maana neno kuridhika limewahi kutumiwa na watu wabaya kuwanyamazisha wenye haki.

Kiswahili chetu kimelitenga jambo hili vizuri. Kutosheka ni kupata kiasi cha haja yako. Kuridhika ni kulipokea jambo kwa radhi ya moyo. Kukinai kuna nyuso mbili: mtu aliyekinai huwa hana tamaa ya cha mwenzake, lakini pia husema amekinai wali pale anaposhiba hadi kuuchukia. Na lipo neno la nne, kubweteka, ambalo ni kukaa tu na kuuacha mzigo ukulalie kwa kuwa umeuzoea. Anayeihubiri kubweteka kwa jina la kuridhika anatudanganya.

Mfano uko Kisarawe kwenyewe. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa na dhiki ya maji, ijapokuwa mto na mabomba ya jiji havikuwa mbali. Akina mama waliamka usiku wa manane kuyatafuta. Mwezi Juni 2020 ulizinduliwa mradi unaoyapandisha maji kutoka Kibamba hadi Kisarawe. Je, akina mama wale wangaliambiwa waridhike na ndoo ya kichwani, na wakakubali, lingekuwa jambo jema? Hasha. Mama anaweza kuwa radhi kabisa na kazi ya kulea watoto wake, na kwa sababu hiyohiyo akaidai haki ya maji kwa sauti kubwa, maana anajua ni nani anayemngoja nyumbani kwa maji hayo. Mtu asiyeona maana ya kazi yake hadai kitu. Anahama tu, au ananuna.

Wakubwa kati yetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Choo ni kitu gani? Ni shimo. Hakuna mtoto aliyepata kuota kwamba akikua awe mchimba choo. Lakini mtu aliyeambiwa, na akaelewa, kwamba shimo lile litamkinga mwanawe na kuhara alilichimba kwa nyimbo. Hakuwa amebweteka, maana aliona kasoro akaiondoa. Wala hakuwa na kinyongo, maana alijua anamfanyia nani.

Basi kipimo ni hiki: tuwe radhi na kazi yetu, tusiwe radhi na dhiki inayoweza kuondolewa. Anayeyatenganisha hayo mawili hatakuwa mlalamishi wala hatakuwa mtumwa.

TUANZE NYUMBANI

Turudi sasa katika nyumba zetu, maana ukurasa huu ni wa jamaa.

Yuko baba anayeondoka Kibaha saa kumi za alfajiri na kurudi saa tatu za usiku. Watoto amewaacha wamelala, na amewakuta wamelala. Kila siku anatoka kwa ajili yao, na kidogo kidogo wanakuwa watu asiowajua. Ndugu huyu simwambii aache kazi, atawalisha nini? Namwambia mambo mawili mepesi. La kwanza, Jumapili moja awasimulie watoto kazi yake ni ipi hasa: anabeba nini, anaandika nini, anamhudumia nani. Watoto wengi wanajua baba "yuko kazini" kama wanavyojua mvua iko mawinguni. La pili, awaulize wao wamefanya nini wiki nzima, na asikilize hadi mwisho bila ya kuikatiza habari kwa ukali wa mitihani.

Yuko mama anayesema, "Mimi sifanyi kazi, nipo tu nyumbani." Dada yangu, neno hilo "nipo tu" lifute. Umepika, umefua, umemwuguza mkwe, umemkumbusha mtoto hesabu zake, umemwagilia mchicha nyuma ya jiko. Kama kuna mtu katika nyumba hiyo ambaye kazi yake inangojwa na watu wengi zaidi, mtaje. Na wewe mume wake, siku ukija ukakuta chakula, usile kana kwamba kilishuka na mvua. Sema ahsante, na watoto wasikie.

Yuko na mzee ambaye nguvu zimemwishia, anayejiona mzigo. Mpeni kazi. Asuke ukili, achambue mchele, amfundishe mjukuu majina ya miti ya msitu wa Kazimzumbwi kabla hayajasahaulika. Kumpumzisha mzee kwa kumnyang'anya kila kitu si heshima. Ni kumwambia kwamba hakuna anayemngoja tena.

Na wewe kijana unayetafuta maisha, nakutakia riziki njema huko uendako. Iwe Kariakoo, iwe Mlandizi, iwe katika jaruba la babu yako Maneromango, utakapofika usianze kwa kuuliza kuna nini hapa kwa ajili yangu. Uliza ni nani hapa anayehitaji kitu ninachoweza kukifanya. Ukimpata mtu mmoja tu, anza naye.

Usiku wa leo, ndugu msomaji, kabla ya kuzima taa, mtaje mtu mmoja ambaye siku yake imekuwa nyepesi kidogo kwa sababu ya kazi uliyoifanya wewe. Ukimpata, lala usingizi. Usipompata, bado iko Jumatatu.